Safu ya Shangazi Mkutubi: Jumamosi ya Kusaka Vitabu vya Mtumba

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba riwaya nyingi za Kiswahili za miaka ya sitini na sabini huzipati tena dukani. Unazipata zimepangwa chini, juu ya turubai, kando ya barabara. Barua zilizokuja baada ya hapo ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua zile ambazo jibu lake linaweza kumfaa na mwingine.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nimetoka Songea, nakaa hosteli Mabibo. Nasoma Fasihi ya Kiswahili. Nikienda Posta Jumamosi naona vitabu vimepangwa, lakini naona aibu kusimama muda mrefu bila kununua, na nikiuliza bei nahisi naongezewa kwa sababu wanaona mimi mgeni. Nianzie wapi, na niende saa ngapi?*
Mwanafunzi, Mabibo

Marahaba mwanangu, na karibu Dar es Salaam. Panda mwendokasi ya Kivukoni pale Ubungo, ushuke Posta ya Zamani. Kando ya Sokoine Drive kuelekea Azikiwe, na kwenye mitaa inayopanda kwenda Samora, ndiko wauza vitabu walikozoeleka kwa miaka mingi. Nasema walikozoeleka kwa sababu machinga walipoondolewa barabarani mwishoni mwa 2021 wengine walisogea, wengine wakajibanza kwenye baraza za maduka. Ukikuta mahali ulipopazoea ni peupe, muulize muuza magazeti wa jirani. Yeye anajua nani kahamia wapi.

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Jumamosi mimi naipenda kuliko siku za kazi kwa sababu wenye haraka ni wachache na muuzaji ana nafasi ya kuzungumza. Nawe unamhitaji azungumze. Kilichopangwa juu ni kile kinachotoka kwa urahisi: vitabu vya Kiingereza vya kujitajirisha, riwaya nene za upelelezi kutoka Uingereza na Marekani, vitabu vya dini, mitihani iliyopita. Kiswahili kimewekwa chini au bado kimo kwenye boksi. Msalimie kwanza, kisha uliza waziwazi: "Kaka, una riwaya au mashairi ya Kiswahili ya zamani?" Mara nyingi atainuka mwenyewe akufungulie boksi ambalo hukuliona.

Kuhusu kusimama muda mrefu, usisimame. Chuchumaa. Vitabu vyetu vingi vya zamani ni vyembamba, kurasa sitini au themanini, vimebanwa kwa pini katikati, na mgongoni havina maandishi yoyote. Mtu akisoma migongo akiwa wima havioni kabisa. Viko pale, vimebanwa kati ya kamusi mbili nene au vimeingia ndani ya jarida. Pitisha kidole kwenye rundo zima, na popote kidole kinapohisi kitu chembamba, vuta taratibu. Hakuna muuzaji atakayekasirika ukifanya hivyo na ukarudisha kila kitu kama ulivyokikuta. Wanachochukia ni mtu anayevuruga mpangilio, au anayepiga picha majalada kisha akaondoka bila neno.

Kabla hujalipa, fungua katikati. Pini zikipata kutu karatasi hukatika, na zile kurasa nne za katikati ndizo za kwanza kudondoka. Angalia pia ukurasa wa mwisho kabisa, kwa sababu riwaya isiyo na mwisho ni hasara hata ukipewa bure. Nusa. Harufu ya vumbi haina neno, lakini harufu ya unyevu ina maana ukungu umeshaingia. Kisha tazama herufi: kama ni nyeusi kupita kiasi, zina vivuli pembeni, na jalada linang'aa huku picha yake imefifia, hiyo ni fotokopi iliyojaladiwa. Hiyo usinunue, mwanangu. Mwandishi au warithi wake hawapati hata senti, na sheria ya hakimiliki ya 1999 inakataza.

Bei ni mazungumzo. Beba noti ndogo. Chagua vitatu au vinne uombe bei ya pamoja, badala ya kung'ang'ania shilingi 500 kwenye kimoja. Usikitukane kitabu ili upunguziwe, maana muuzaji anajua kwamba usingechuchumaa nusu saa kwa ajili ya takataka. Ukirudi mara kwa mara kwa mtu yuleyule, ukamwachia namba yako na orodha fupi ya unavyotafuta, bei ya ugeni itaisha yenyewe. Yeye ndiye atakayekupigia simu.

*Dada, kuna kijana hapa Tanga ameniletea nakala ya Kufikirika ya Shaaban Robert. Anasema ni ya mwaka 1950, mwandishi mwenyewe akiwa hai, na anataka shilingi 100,000. Ukurasa wenye tarehe umechanika. Mimi ni mtu wa Tanga na ningependa kuwa nayo, ila sitaki kuibiwa. Nitajuaje?*
Mpenzi wa Shaaban, Tanga

Kaka yangu, usitoe hiyo laki. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Kufikirika kilitoka 1967 kwa Oxford University Press, Nairobi. Nakala iliyochapwa 1950 haipo. Simwiti kijana mwongo. Yawezekana amekichanganya na Kusadikika, ambacho kweli kilitoka mwandishi akiwa hai, mwaka 1951, kwa kampuni ya Nelson. Majina yanafanana, na muuzaji mara nyingi anarudia alichoambiwa na aliyemuuzia.

Ukurasa wa tarehe ukikosekana, kitabu kina mahali pengine kinapotaja umri wake. Anza na jalada la nyuma. Kina namba ya ISBN, ile namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu? Mfumo huo ulianza 1970, kwa hiyo nakala yenye namba hiyo haiwezi kuwa ya 1950 hata mtu aape. Ikiwa namba ina tarakimu 10, nakala kwa kawaida ni ya kabla ya 2007, kwani Januari ya mwaka huo ndipo tarakimu 13 zilipoanza kutumika. Na tarakimu za mwanzo zinakupa nchi: 9976 na 9987 ni Tanzania, 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Kwenye namba ndefu, zitafute baada ya 978.

Kama hakuna namba, soma jina la mchapishaji. East African Literature Bureau ilianzishwa 1948, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, ofisi hiyo ikaisha pamoja nayo. Ukiona jina hilo na miji mitatu chini yake, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, umeshapata kipindi. Tanzania Publishing House haikuwapo kabla ya 1966. Angalia pia nchi inaitwaje ndani ya kitabu. Jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964, kwa hiyo dibaji inayomshukuru mkuu wa elimu wa "Tanganyika" ina uwezekano mkubwa kuwa ya kabla ya hapo. Vitabu vya shule vya wakati wa ukoloni navyo mara nyingi vina tamko kwamba Kiswahili chake kimepitishwa na Kamati ya Lugha, ile iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili. Hata bei iliyochapwa jalada la nyuma inasaidia: kitabu kilichoandikwa 3/50, yaani shilingi tatu na senti hamsini, hakikutoka juzi.

Jambo moja linawapotosha wengi, wanunuzi na wauzaji. Ukurasa wa tarehe unapokuwepo, utaona mwaka wa kwanza, kisha orodha ya miaka ambayo kitabu kilipigwa chapa tena. Watu wanasoma mwaka wa juu. Nakala uliyoshika ni ya mwaka wa chini kabisa, ule wa mwisho kwenye orodha.

Hiyo nakala mwambie akuuzie kwa bei ya kitabu cha kusoma, maana ina thamani hiyo na zaidi. Akikataa, usihuzunike. Mkuki na Nyota walichapa upya vitabu vingi vya Shaaban Robert, na ukifika Dar es Salaam ingia duka la TPH (Tanzania Publishing House), Mtaa wa Samora, uulize.

*Shangazi, habari za kazi. Nilinunua Mwanza, kwenye meza ya mzee mmoja, kamusi ya zamani ya Kiswahili kwa Kiswahili kwa shilingi 2,000. Nilipofika nyumbani nikaona imeandikwa Sheldon Press, London, 1935, Frederick Johnson. Rafiki yangu anasema nimepata bahati, ninyamaze. Moyo haujatulia. Nifanyeje?*
Mwalimu, Mwanza

Moyo wako uko sahihi kuliko rafiki yako, Mwalimu.

Ulichoshika ni kamusi ya kwanza kubwa ya Kiswahili kilichofafanuliwa kwa Kiswahili, kazi ya katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha niliyoitaja hapo juu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilikuja 1981, miaka 46 baadaye. Katikati hapo, mwenye kutaka kujua neno la Kiswahili kwa maelezo ya Kiswahili alikuwa na Johnson. Nakala yenye jalada na kurasa zote ni kitu ambacho maktaba ingefurahi kukipata.

Nitasema ninavyoamini, na wengine wasikubali. Mteja anayejua thamani na muuzaji asiyejua hawajakubaliana bei, kwa sababu mmoja wao hakujua kinachouzwa. Yule mzee anakaa juani siku nzima. Mara nyingi amenunua vitabu vile kwa mafungu kutoka nyumba ambayo mwenyewe amefariki, au ofisi iliyohama. Angeweza kuviuza kwa kilo kwa muuza karanga, na wengi wanafanya hivyo. Nimekwisha kununua karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa utenzi, na sikuweza kuzila. Mtu aliyeamua kupanga kitabu mezani badala ya kukipima kwenye mizani ametufanyia kazi ya maktaba bila mshahara.

Kwa hiyo rudi. Mchukulie elfu kumi au ishirini, kadiri mfuko wa mwalimu unavyoruhusu, umwambie: "Mzee, kile kitabu kilikuwa na thamani kuliko tulivyopatana, hii ni nyongeza yako." Kisha mweleze kwa nini. Mwonyeshe mwaka, mwonyeshe jina la mchapishaji, mwambie vya aina hiyo asiviuze kwa kilo. Maelezo hayo yatafanya kazi kuliko zile pesa, maana kesho akikuta kingine hatakitupa.

Na kamusi yenyewe, tafadhali, usiitumie kila siku darasani. Karatasi ya miaka ile inakatika kwa kukunjwa tu.

*Shangazi, kitabu nilichonunua kina muhuri wa maktaba ya shule ya sekondari. Nimekwisha kukilipia. Ni cha wizi?*
Msomaji, Morogoro

Si lazima. Maktaba huondoa vitabu vilivyochakaa au vilivyozidi, na ikifanya hivyo kwa utaratibu hupiga muhuri mwingine wa kuondolewa, au hukata kwa kalamu ile namba ya usajili iliyo karibu na muhuri wa kwanza. Ukiona hivyo, kitabu ni chako kwa haki. Vilevile kuna mihuri ya shule ambazo hazipo tena, kama zile za "Middle School" za kabla na karibu ya uhuru. Hapo hakuna wa kumrudishia, kitunze.

Lakini kama muhuri ni wa shule iliyo hai, namba haijakatwa, na kitabu ni kipya kipya, kirudishe shuleni. Mkabidhi mwalimu wa maktaba, usimkabidhi mlinzi getini. Najua ni hela yako. Ila nimeona maktaba za shule ambazo wanafunzi arobaini wanagombea nakala tatu, na kimoja kikirudi kina wasomaji wanaokingoja. Ukikuta muhuri wa Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, fanya vivyo hivyo.

Mwambie na muuzaji, kwa upole na pembeni, bila kumwaibisha mbele ya wateja. Wengi wao hawapokei tena kitabu chenye muhuri wakishaelezwa.

*As-salaam alaykum. Niko Unguja, Mji Mkongwe. Vitabu ninavyovinunua Dar na kuvileta hapa vinaota ukungu na kuna wadudu wadogo wenye rangi ya fedha. Nimeanika juani, nimepaka mafuta ya taa kwenye rafu. Bado.*
Bi. S., Unguja

Wa alaykum salaam, Bibi. Mafuta ya taa acha kabisa. Yanaingia kwenye karatasi na hayatoki, tena ni hatari ya moto. Na jua kali linakausha gundi ya mgongoni mpaka kurasa zinaachia, huku jalada likipauka.

Kitabu kipya kutoka mtaani kisiingie rafuni siku hiyo hiyo. Kiweke peke yake, mbali na vingine. Kama kina wadudu na una friza nyumbani, kifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, funga kabisa, kiache ndani ya friza wiki mbili. Baridi inaua wadudu na mara nyingi mayai pia. Ukikitoa, usiufungue mfuko mpaka kitabu kipate joto la chumba, kwa sababu ukifungua mapema umande utatua kwenye karatasi nawe utakuwa umeulisha ukungu. Kitabu chenye unyevu dhahiri usikigandishe kabla hakijakauka.

Ukungu unaondolewa mkavu. Kaa kibarazani penye hewa, funika pua na mdomo kwa barakoa, futa kwa brashi laini kutoka mgongoni kwenda nje. Kitambaa cha maji usitumie. Halafu simamisha kitabu wazi kama feni, kivulini, washa pangaboi. Kwa harufu iliyobaki, weka kitabu ndani ya boksi pamoja na bakuli la baking soda, ile ya kuumulia keki, kwa siku kadhaa, bila unga kugusa karatasi.

Wale wadudu wa rangi ya fedha wanafuata wanga, ndiyo maana wanapenda gundi za zamani na majalada ya kitambaa. Hawawezi pakavu. Sogeza rafu yako mbali na ukuta. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina kuta nene zinazovuta unyevu, na rafu iliyogusa ukuta hunyonya unyevu huo usiku kucha. Acha nafasi ya kiganja, usivibane vitabu sana, na vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke nyuma ya vitabu. Ukurasa uliochanika usiutie selotepu. Baada ya miaka michache inageuka njano, gundi yake inapenya na kula maandishi. Uache ulivyo, au ushike kwa karatasi nyembamba na uji mwepesi wa unga wa ngano.

*Shangazi, mwanangu anasoma Ukonga. Vitabu vya kiada vya mtumba ni nusu ya bei. Ninunue?*
Mama wawili, Ukonga

Mama, kwa kiada uwe mwangalifu. Mtaala mpya ulianza kuingia madarasani Januari 2024, kwa awamu, na meza za mtumba zimejaa vitabu vya mtaala wa zamani kwa sababu hiyohiyo. Mwulize mwalimu wa darasa jina kamili la kitabu na mwaka wake kabla hujatoka nyumbani. Pia Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake ya mtandaoni ambako vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Pesa ya mtumba mnunulie hadithi. Hadithi haina mtaala, na mtoto anayesoma hadithi moja kila wiki hahitaji kusukumwa kusoma kingine.

*Hujambo Shangazi? Hapa Nairobi tunainama Tom Mboya na Moi Avenue kutafuta vitabu, lakini nyingi ni riwaya za Kiingereza na vitabu vya shule vya mfumo wetu wa 8-4-4. Je, kuna haja ya kutafuta vitabu vya Watanzania huku, au nisubiri nikija Dar?*
Msomaji, Nairobi

Sijambo mwanangu. Usisubiri. Waandishi wengi wa Tanzania wa kizazi kile walichapwa huko kwenu. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 kwa East African Literature Bureau. Riwaya nyingine zilitoka East African Publishing House, nayo ya Nairobi. Nakala zilisambazwa kote, lakini shule na nyumba za Nairobi, Nakuru na Mombasa zilikuwa nazo nyingi, na nyumba hizo sasa ndizo zinazomwaga makabati yao barabarani. Kwa kuwa wapita njia wengi huko wanatafuta Kiingereza au vitabu vya mitihani, kile chembamba cha Kiswahili kinabaki chini siku nyingi, na bei yake inashuka.

Ukikuta chochote chenye jina la Bureau kikiwa na jalada lake, hata kama mwandishi humjui, kilipie. Wapo waandishi waliotoa kitabu kimoja tu kisha wakanyamaza, na hicho kimoja hakikuchapwa tena. Niandikie jina la kitabu, mwaka na idadi ya kurasa. Naandaa orodha ya vilivyobaki mikononi mwa wasomaji wa safu hii, na kwa sasa Nairobi ina mistari michache mno.